Kitufe Kilichojua IF Inaishia Wapi

Juzi mmoja wenu alikuja nyumbani kunipongeza. Alikuwa amelifungua lile faili la vitufe vya mkato, ambalo nyote wa darasa la kompyuta hapa Kibiti mmelinakili kwangu na kulihamishia kwenye vihariri vyenu vipya vya rangi rangi, akakuta katikati mstari wenye jina langu. Mstari wenyewe ni maelezo tu, una nyota mwanzoni, kompyuta haiusomi. Umeandikwa hivi: *ENDELEA si mwisho. Bi Zena aliligundua hili kabla yangu.* "Bibi," ananiambia, "kumbe wewe ndiye uliyegundua!" Nikampa chai na vitumbua, akaenda zake na furaha yake, nami nikabaki nimekaa na birika mkononi.

Mstari ule sikuuandika mimi. Aliuandika Mwalimu Festo, mtu niliyefanya naye kazi miaka miwili na kumwonea kijicho miaka yote miwili, na nikisema kweli hata sasa hakijaisha. Wapo watakaosema bibi huyu amestaafu, angeacha. Sijaacha. Ngojeni niwaeleze, na humo humo mtajifunza namna ya kutengeneza vitufe vyenu wenyewe, maana naona wengi mnatumia vya kwangu bila kujua vimejengwaje.

Mimi nilianza kama kopi taipu. Mama aliyetufundisha kupiga chapa alitufunika mikono kwa kipande cha kanga, ukichungulia vidole unapigwa rula. Nilitoka pale na vidole kumi vinavyojua njia vyenyewe, macho yangu hayatoki kwenye karatasi. Kwetu Mtunda walikuwa wanasema mtoto wa fulani anaandika kama mvua inavyopiga bati. Sifa hiyo niliibeba kila nilikokwenda, na ndiyo iliyoniponza.

Ilikuwa miaka ile mambo yamefunguliwa, mitumba imejaa gulioni, na kila ofisi unayoingia kuna karatasi ukutani yenye majina ya watu watakaopunguzwa. Hapa Kibiti palikuwa na mradi wa mpunga, nikaajiriwa. Wafadhili walileta kompyuta mbili zenye kioo cheusi na maandishi ya kijani, bila kipanya, bila rangi. Umeme wa gridi haukuwepo. Jenereta iliwashwa saa mbili asubuhi ikazimwa saa sita mchana, basi. Kwa hiyo kazi yetu yote ilikuwa mbio za saa nne, na mwenye vidole vyepesi alikuwa mfalme.

Programu za kuandikisha wakulima nilijifunza kuziandika mwenyewe, kwa kitabu kimoja kilichochanika jalada. Niliandika kwa Kiswahili popote lugha ya mashine iliponiruhusu. Amri zenyewe ni za Kiingereza, hizo huna hiari nazo, lakini majina ya vitu unavyovitunza ndani ya programu unachagua wewe. Niliita JINA, KIJIJI, SHAMBA, JIBU. Na kile cha kuiambia programu izunguke tena badala ya kusimama nilikiita ENDELEA. Likumbukeni jina hilo.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha. Programu ya kwanza iliuliza: "Nichapishe orodha yote? N/H." N ni ndiyo, H ni hapana, nani asiyejua? Mratibu wetu, mtu aliyesomea ng'ambo, akabonyeza N akijua amekataa. Mashine ya kuchapa ikaanza kulia krrr, krrr, majina ya kijiji kizima cha Umwe yakashuka sakafuni mpaka boksi la karatasi likaisha. "Bi Zena, mimi nimesema no!" anapiga kelele. "Na mashine imesikia ndiyo, bosi," nikamjibu. Tangu siku hiyo naandika NDIYO kwa urefu wake, nanyi fanyeni hivyo hivyo.

Ndipo akaletwa Mwalimu Festo. Alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka Njombe, kijana kuliko mimi, mpole, sweta mwilini hata kwenye joto la huku. Siku ya kwanza alipokaa kwenye kibodi nilimtazama kwa pembe ya jicho, na moyo wangu ukatulia kabisa. Alikuwa anapiga kwa vidole viwili! Anatafuta herufi, anaipata, anaidonoa, anatafuta nyingine. Nikasema huyu hata akizaliwa upya hanifikii.

Mwezi haukwisha. Asubuhi moja tulipewa kazi sawasawa, kila mtu apange upya programu yake ya vijiji. Mimi napiga tatatatata, jasho linanitoka. Yeye anakaa, anatazama kioo, anabonyeza tk. Anatazama tena, tk. Saa tatu na nusu akasimama kwenda kunywa chai. Nilidhani amekata tamaa. Nikachungulia kwenye kioo chake nikakuta amemaliza.

Aliporudi sikuweza kujizuia.

"Mwalimu, hiki kipande kilikuwa juu. Kimefikaje huku?"

"Nimekihamisha, Bi Zena."

"Kwa kukiandika upya?"

"Hapana. Kwa Alt na K."

"K ya nini?"

"K ya kipande." Akatabasamu kama mtoto anayeonyesha gari la mabua. "Vitufe vingine vinajua herufi, vinajua mstari. Hiki nimekifundisha sarufi."

Kwa wale wadogo wenu ambao hamjaanza kuandika programu, niwaeleze. IF maana yake ni ikiwa. Unaiambia mashine: ikiwa shamba la huyu liko bondeni, fanya hivi na hivi. Ukimaliza masharti unafunga kwa ENDIF, kwamba yameishia hapa. Ndani ya IF moja huingia nyingine, na nyingine ndani yake, hata mwandishi mwenyewe asijue ENDIF ipi ni ya IF ipi. Mimi nilikuwa nazitafuta kwa kidole juu ya kioo, nikiacha alama za mafuta ya nazi. Kitufe cha Festo kilizijua. Ulisimama popote ndani ya kipande, ukabonyeza, nacho kikapanda mpaka kwenye IF yako, kikashuka kuhesabu: kila mlango unaofunguliwa ongeza moja, kila unaofungwa punguza moja, hesabu ikifika sifuri hapo ndipo mwisho wa kipande. Halafu unakikata, unakihamisha, au unakizima kwa kukitia nyota kila mstari, programu ikiruke. Kila mlango na ufunguo wake, na mtu yule alikuwa amekabidhiwa fungu zima.

Sikusema hongera. Nilisema, "Mh." Kisha nikajaribu kumtega. "Na kama neno ENDIF liko ndani ya maelezo, penye nyota?" Kinaliruka, akasema, mstari wenye nyota hakiuhesabu. "Na likiwa ndani ya alama za kunukuu?" Kinaliruka pia. Alikuwa amefikiria yote, kwa utaratibu, kwenye daftari la mraba mraba, kabla hajagusa kibodi. Roho iliniuma, wanangu.

Wahenga husema hasidi hana sababu. Mimi ninazo, nitawatajia. Niliona gere kwamba wageni wakija Mratibu anawapeleka kwenye meza yake, si yangu. Niliona gere kwamba yeye hatoki jasho. Niliona gere zaidi kwamba ninavyokwenda kasi vile, miaka yote ile ya kupigwa rula, mtu wa vidole viwili amekaa akawaza siku tatu na kasi yangu imekuwa si kitu. Nikaanza kumsema kwa wapishi wa ofisi, kwamba mwalimu ni mvivu, kazi anafanyiwa na shetani wa kwenye mashine. Wakacheka. Mimi sikucheka, nilitamani waamini.

Na huku namsema, faili lake la vitufe nililiiba. Saa nne akitoka kwenda chai nilichomeka disketi, nikanakili, nikaiandika juu "Umwe, nakala." Kila alipotoka niliviwasha vitufe vyake kwenye mashine yangu, na kila aliporudi nikavizima, nikaendelea kupiga tatatata kwa kelele ili asikie natumia vidole. Nilisoma faili lile mstari kwa mstari kama mke anayesoma barua za mume. Humo ndimo nilimojifunza ninayowafundisha: vitufe vichache, si vingi, maana kitufe unachokisahau ni mzigo, herufi ya kwanza ya kitendo ili kidole kikumbuke, na kila kitufe kijaribiwe kwenye nakala, kamwe si kwenye kazi yenyewe.

Sasa Mratibu akatuita. Mradi unapungua, akasema. Kuanzia msimu ujao itabaki kompyuta moja na mtu mmoja wa kuikalia. Wageni kutoka Dar wangekuja Alhamisi kuona kazi, na baada yao uamuzi ungetoka. Nilikuwa na mama mgonjwa Mtunda na wadogo zangu wawili shuleni, nao wote wakinitazama mimi. Festo naye alikuwa na kwao. Tukatoka ofisini tukipishana mlangoni, "tangulia Mwalimu," "tangulia wewe Bi Zena," kila mmoja anajua mwenzake ndiye aliyesimama kati yake na kazi.

Jumamosi iliyotangulia alikuwa amekuja Bwana Shomari, bwana shamba wa Mbuchi, na madaftari matatu. Maji yalikuwa yamepita kule delta yakafagia mpunga ukiwa mchanga, na madaftari yale yalikuwa na majina ya kaya zilizopoteza. Mbegu ilikuwa ghalani, boti ingepakia Jumamosi ya pili yake, na utaratibu ulikuwa mmoja: jina lisilo kwenye karatasi ya kompyuta halipewi mbegu. Daftari moja lilikuwa limelowa ndani ya mtumbwi, wino umetambaa. Shomari alikaa kando yangu asubuhi hiyo na ya Jumapili akinisomea, penye wino uliofutika akasoma kwa kichwa, maana kila kaya anaijua. "Huyu mwandike, Bi Zena, wallahi huyu hata jembe limechukuliwa na maji." Nikaandika yote. Jumatatu akarudi Nyamisati kupanda boti.

Jumatatu hiyo hiyo, Festo ametoka kwenda chai, nilibonyeza Alt na K kwenye programu yangu moja ya zamani, na kitufe kikakosea. Kilichukua nusu ya kipande, nusu kikaiacha. Nikarudia, kikakosea pale pale. Nikasoma faili lake polepole na nikaona. Katika lugha ile ya programu si lazima uandike ENDIF kwa ukamilifu. END peke yake inafunga. Kwa hiyo Festo alikuwa amekiambia kitufe: mstari ukianza na herufi E, N, D, huo ni mwisho, punguza moja. Kwake ilikuwa sawa. Yeye vitu vyake vyote alivipa majina ya Kiingereza, hakuna hata kimoja kinachoanza hivyo. Lakini mistari yangu mimi ilianza na ENDELEA. Kitufe kilisoma herufi tatu za kwanza kikaona mlango unafungwa, kumbe mimi nimesema tusonge mbele.

Nilicheka peke yangu ofisini mpaka machozi. Mtu aliyefikiria nyota, akafikiria alama za kunukuu, hakufikiria Kiswahili!

Ningeweza kumwambia aliporudi na kikombe chake. Maneno mawili tu. Badala yake nilifanya hivi: Jumatatu na Jumanne nilipitia programu zangu moja moja na kila penye ENDELEA nikaandika SONGA, ili mimi nivitumie vitufe vyake bila kuanguka. Zote nilibadilisha isipokuwa moja, ile ya orodha ya Mbuchi, ambayo ndiyo ingeonyeshwa Alhamisi. Hiyo nilijiambia nitaibadilisha kesho. Jumatano ikaja ikapita, sikuigusa.

Alhamisi wageni walikuja wanne, wamekaa nusu duara, feni inazunguka. Mratibu akataka Festo ndiye aonyeshe, kwenye programu yangu. Mnaona? Kazi yangu, na aonyeshe yeye. Kwanza akamwambia, "Mwalimu, kuna kile kipande cha kusafisha orodha ya majaribio. Kizime kabisa, wageni wasije wakabonyeza bahati mbaya." Tahadhari nzuri. Kipande chenyewe kilikuwa mistari mitano: ikiwa jibu ni NDIYO; fungua orodha ya majaribio; ENDELEA; futa yote; ENDIF.

Festo akaweka vidole vyake viwili juu ya Alt na K ili akizime, halafu akasita, akanigeukia. Alikuwa na adabu ya kazi, programu ya mtu haigusi bila kuuliza.

"Bi Zena, hii ni yako. Kuna kitu cha kuangalia kabla sijakizima?"

Wageni wananitazama. Mratibu ananitazama.

"Hamna, Mwalimu," nikasema. "Endelea."

Neno hilo lilinitoka hivyo hivyo, sikulipanga. Akabonyeza, huku amewageukia wageni anawaeleza jinsi kitufe kinavyojua sarufi. Mimi nilikuwa natazama kioo. Nyota zilikaa kwenye mistari mitatu ya juu, zikaishia kwenye ENDELEA. Mstari wa nne, wa kufuta yote, ulibaki wazi, hauna tena ikiwa juu yake wala orodha ya majaribio iliyofunguliwa. Nilipojaribu peke yangu ofisini kwa programu nyingine, mashine ililia tu ikagoma, na hicho ndicho nilichokingojea: ilie, igome, aaibike dakika mbili mbele ya watu. Naapa sikuwaza zaidi ya hapo. Ila Festo alipoiendesha, programu hii haikugoma. ENDIF iliyobaki mjane chini iliiruka bila neno, na amri ya kufuta ikafuta orodha iliyokuwa wazi wakati ule, ambayo ilikuwa Mbuchi.

Kioo kikaandika: Mbuchi, kaya 0.

Nakala za disketi nilikuwa nachukua kila Ijumaa. Hii ilikuwa Alhamisi.

Festo aligeuka akakisoma kioo. Hakusema programu ni ya nani. Aliwaambia wageni, "Kosa ni langu, kitufe ni changu." Mratibu alikuwa amekunja uso kama aliyelamba ukwaju mbichi.

Madaftari yalikuwepo kabatini, Mungu ana huruma. Ijumaa jenereta iliachwa iwake mpaka alasiri, Festo akisoma, mimi nikipiga. Sijawahi kupiga vile maishani, kanga imenivuka begani sina habari. Yeye anasoma kwa sauti ya darasani, jina, kitongoji, shamba, na majina ya kwetu mengine yanamshinda namsaidia. Tulipofika kwenye daftari lililolowa tukakwama mahali pawili, mahali patatu, mahali pane. Shomari alikuwa mbali ndani ya mikoko na simu haikuwepo. Tuliyaacha. Karatasi ilitoka, boti ikapakia Jumamosi, na Mratibu akaandika kwenye ripoti yake kwamba Bi Zena, kwa bidii na kasi ya pekee, ameokoa kazi iliyoharibiwa na mwenzake.

Ndivyo nilivyobaki kazini, wanangu. Nilibaki miaka mingi tu, mradi ukageuka ofisi nyingine na nyingine, mpaka pensheni. Mnaponiita mwanzilishi, mwanzo wenyewe ni huo.

Shomari alikuja baada ya wiki mbili na harufu ya matope ya delta. "Bi Zena, kaya nne hazimo. Zile nilizokusomea kwa kichwa." Nikamwambia mashine iliharibika. Akatikisa kichwa, akasema haidhuru, majirani wamewachotea kibaba kibaba, watachelewa kupanda lakini watapanda. Kisha akanishukuru. Alikuwa amesikia nilivyojitahidi. Nilitaka ardhi ifunguke.

Siku ya kuondoka Festo aliomba nusu saa ya jenereta. Sanduku lake la bati liko mlangoni, sweta limekunjwa juu yake. Alidonoa donoa, akatoa disketi akanikabidhi.

"Nimekirekebisha kitufe. Sasa kinataka neno zima, hakisomi herufi tatu tu. Ukikitumia hakitakusumbua."

"Mimi?" nikasema. "Mimi mbona sivitumii vitufe vyako, Mwalimu."

"Haya, Bi Zena. Basi siku utakapoanza."

Tukashikana mikono. Gari la Dar lilimpitia pale barabarani, na tangu hapo nilipata habari zake kwa wengine tu: yuko Dar, ana ofisi, anafundisha watu kutengeneza vitufe. Kila habari ilinichoma upya. Hata alipofukuzwa aliangukia penye zulia.

Disketi niliifungua mwezi uliofuata, kwa kiburi cha kusema ngoja nione. Faili la vitufe lilikuwemo, na kando yake aliziweka nakala za programu zangu zote, zimepangwa kwa tarehe zilipoguswa mara ya mwisho. Jumatatu, Jumatatu, Jumanne, Jumanne, zote SONGA. Chini kabisa, ya zamani peke yake, programu ya Mbuchi, ile nakala ya kabla haijaguswa Alhamisi, bado ENDELEA. Siri ya mtungi muulize kata, na mwalimu wa hesabu alikuwa amemuuliza. Ndipo nikafungua faili lenyewe nikakuta ule mstari mnaoujua.

Usomeni tena sasa. Bi Zena aliligundua hili kabla yangu. Yule kijana aliyekuja juzi alisoma "aliligundua" akanipongeza, na wengine wengi kabla yake walinipongeza, nami miaka yote nilipokea na kuwapa chai. Neno lake kwangu mimi ni "kabla". Angeweza kwenda kwa Mratibu na zile tarehe, kazi ikawa yake asubuhi ile ile. Hakwenda. Aliandika mstari mmoja wa kweli tupu, usio na tusi hata moja, akaniachia mimi niuishi. Hata hapo nilimwonea wivu. Mimi ningeandika ukurasa mzima wa matusi kwa vidole kumi, na usingemchoma mtu yeyote hivi.

Mara ngapi nimeusogelea kuufuta. Sasa naona nilikuwa nataka kufanya kazi isiyo yangu. Wa kwake uacheni. Ila chini yake ongezeni wa kwangu, kila mwenye faili hilo, na muuandike kama nilivyouandika hapa, msiulainishe: Alijua siku tatu, akaulizwa mbele ya watu, akasema endelea.

Wekeni nyota mwanzoni. Kompyuta haina haja ya kuusoma.